Ukirudishiwa pesa za bima, uliza zimetoka wapi

MWALIMU mmoja mstaafu wa Shirere, viungani mwa mji wa Kakamega, hajaisahau noti ya Sh1,000 aliyotiwa mkononi siku alipolipia gari lake bima. Hakuwa ameiomba. Ajenti aliyemuuzia bima hiyo, kijana wa jirani ambaye mwalimu mwenyewe alimfunza darasa la sita, alimwambia: "Chukua hii ya chai, Mwalimu. Ni kamisheni yangu, lakini nakugawia kwa sababu wewe ni mzazi wangu."

Nani angekataa? Gari lenyewe, Toyota Probox, alilinunua kwa pesa za kiinua mgongo ili libebe abiria na kumsaidia kumlipia bintiye karo ya chuo. Kijana akamshauri jambo la pili: "Tuandike kwamba gari ni la familia tu. Tukisema linabeba abiria, ada itapanda." Mwalimu akatia sahihi.

Miezi saba baadaye gari hilo, likiwa na abiria wanne, liligongana na pikipiki ya bodaboda. Mwendeshaji akavunjika mguu. Kampuni ya bima ilipotuma mtu wake kuchunguza, abiria walimweleza waziwazi nauli waliyolipa. Barua iliyomfikia mwalimu ilikuwa fupi: bima ilikuwa ya matumizi ya binafsi, gari lilipatikana likifanya biashara, na kwa hivyo fidia haitalipwa. Leo Probox hiyo imelala katika gereji, mwendesha pikipiki ameenda kortini, na binti yuko nyumbani akisubiri karo.

Huenda wewe pia, msomaji, umewahi kuahidiwa kitu ukilipia gari bima: elfu moja ya kurudishiwa, mafuta ya bure au mjazo wa simu. Wengi wetu huchukua tukashukuru. Ni wachache wanaouliza pesa hizo zimetoka kwa nani.

Hesabu ya kamisheni

Jibu ni kwamba zimetoka kwako. Tuchukue gari la thamani ya Sh800,000 ambalo limewekewa bima kamili kwa ada ya asilimia nne. Ada yenyewe ni Sh32,000. Juu yake huongezwa ushuru wa mafunzo wa asilimia 0.2, ambao ni Sh64, mchango wa Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima wa asilimia 0.25, ambao ni Sh80, na stempu ya Sh40. Jumla unalipa Sh32,184.

Kamisheni ya ajenti katika bima ya magari ni asilimia 10 ya ada, yaani Sh3,200. Kabla hajaigusa, serikali hukata kodi ya asilimia 10, ambayo ni Sh320. Anabaki na Sh2,880. Akikurudishia Sh1,000, mkononi mwake zimebaki Sh1,880, na hapo hajalipa nauli, simu wala kodi ya chumba anachofanyia kazi.

Hiyo kamisheni haikuwekwa iwe zawadi. Ni mshahara wa kazi: kukueleza bima inakinga nini na haikingi nini, kuandika fomu kwa ukweli, kukukumbusha muda ukikaribia kwisha, na zaidi ya yote, kusimama nawe siku ya ajali. Ajenti aliyegawa mshahara wake ili akupate hubanwa na njia mbili. Ama atafute wateja wengi mno hata asikumbuke jina lako, ama apunguze kazi. Ndiyo maana wengine hawapatikani kwa simu gari likigongwa, ilhali siku ya kulipia walikupigia mara tano.

Mama mmoja anayeuza bima mjini Kakamega alinieleza masaibu ya kazi hiyo bila kuficha. "Mteja akija, la kwanza anauliza, 'Utanirudishia ngapi?' Nikisema sirudishi, anavuka barabara. Nina watoto watatu. Siku nyingine nami hujikuta nimerudisha." Kwa hivyo lawama si za ajenti peke yake. Sisi wateja ndio tuliowazoesha.

Ada inapopunguzwa gizani

Hatari kubwa kuliko ajenti kukosa posho ni pale punguzo linapopatikana kwa kuandika uongo. Njia ya kwanza ni ile ya mwalimu wetu, yaani gari la biashara kuitwa la nyumbani. Ya pili ni kupunguza thamani ya gari. Tuseme gari lako la Sh800,000 limeandikwa kuwa la Sh400,000 ili ada ipungue. Ukipata ajali na matengenezo yagharimu Sh100,000, mkataba wenye kanuni ya wastani utakulipa nusu tu, yaani Sh50,000, kwa kuwa ulikinga nusu ya gari. Na hapo bado hujakatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe.

Wengine hudhani kwamba mradi cheti kipo, polisi hawana neno na mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba Sura ya 405 ya Sheria za Kenya humlazimu kila mwenye gari au pikipiki kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine anaoweza kuwaumiza barabarani, na mageuzi ya mwaka 2006 yaliweka kikomo cha Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Lakini sheria iyo hiyo huipa kampuni nafasi ya kwenda kortini kuomba isiwajibike ikiwa ilifichwa jambo muhimu wakati wa kuchukua bima. Ikifaulu, deni la aliyeumia linamwangukia mwenye gari. Hapo ndipo shamba na ng'ombe huanza kutajwa.

Kampuni nazo zikishindania wateja kwa kupunguza ada kupita kiasi, hazina hubaki na kidogo cha kulipa fidia. Wakenya wameona kampuni zikianguka. United Insurance, iliyojulikana sana na wenye matatu, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Kila kampuni ina sababu zake za kuanguka, na si haki kuzifumba zote katika neno moja. Hata hivyo, wenye magari wengi walijikuta wakiandamwa na madai waliyodhani kwamba walikwisha kuyalipia.

Ajenti wa simu

Siku hizi biashara hii imehamia kwenye simu. Mwanafunzi wa chuo kikuu hupewa kiungo cha intaneti chenye nambari yake, akakisambaza kwa WhatsApp, na kila anayenunua bima kupitia kwake humletea malipo kidogo. Fundi wa gereji na muuzaji wa magari nao huelekeza wateja kwa ajenti fulani na kupata chao. Si dhambi kulipwa kwa kuleta mteja. Lakini aliyekutumia kiungo si lazima awe anajua lolote kuhusu bima. Ajenti halisi hutakiwa kupita mtihani wa cheti cha ujuzi wa bima na kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA), iliyoanza kazi mwaka 2007.

Uingereza imepitia haya kabla yetu. Huko kuna kampuni za mtandaoni ambazo humrudishia mnunuzi sehemu ya malipo zinayopata kwa kumpeleka kwa kampuni ya bima. Wengi walifurahia mwaka wa kwanza, kisha waliokaa kwa uaminifu wakapandishiwa ada mwaka baada ya mwaka. Kuanzia Januari 2022 wadhibiti wa huko walipiga marufuku kumtoza mteja wa zamani wa bima ya gari au nyumba ada kubwa kuliko ya mteja mpya. Basi ukipewa zawadi ya mwaka wa kwanza, uliza pia ada ya mwaka wa pili itakuwa ngapi.

Ufanye nini?

Kwanza, mwambie ajenti ukweli wote kuhusu gari lako: linafanya kazi gani, linaendeshwa na nani, lina thamani gani. Isome fomu kabla ya kutia sahihi, hata kama anayekuandikia ni mwana wa ndugu yako. Pili, lipa ada moja kwa moja kwa kampuni, si kwa simu ya mtu binafsi, kwa maana sheria inataka kampuni iwe imepokea ada kabla ya kubeba hatari. Tatu, hakikisha cheti ulichotumiwa ni halali na kwamba ajenti na kampuni wana leseni ya IRA. Mwisho, badala ya kumuuliza ajenti atakurudishia ngapi, muulize: "Nikigongwa saa nne usiku njiani kutoka Mumias, nitampigia nani?" Akibabaika, tafuta mwingine.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipomuaga mwalimu kule Shirere, nilimuuliza kama bado anazungumza na yule kijana. Alitikisa kichwa. "Huja kanisani, ananiamkia kwa mbali," alisema. "Simchukii. Lakini mimi nilimfunza hesabu, na siku ile hakuna kati yetu aliyezipiga."