Wayo Uliopinda Uwahiwe Ungali Mbichi

Kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, takriban mmoja huja na wayo uliopinda: kisigino kimeinuka, vidole vimeelekea ndani, na unyayo unautazama mguu wa pili badala ya ardhi. Baadhi ya wataalamu huiita hali hii mguu kifundo. Wavulana wanaozaliwa nayo ni karibu maradufu ya wasichana, na takriban nusu ya watoto hao huwa nayo katika miguu yote miwili. Mtoto huyo asipotibiwa atatembea, ila si kama wenzake. Atakanyagia mgongo wa wayo. Ngozi ya hapo itaota sugu, sugu itapasuka iwe kidonda, na kiatu cha dukani hakitamwingia.

Ninaandika haya kwa sababu ulemavu huo una tiba iliyothibitishwa na utafiti wa miaka mingi. Si tiba ya mitambo ya mamilioni, wala haimlazimu mzazi kuuza shamba ili ampeleke mwanawe ng'ambo. Ni plasta ya jasi, mikono ya mtu aliyefunzwa, kisu kidogo na jozi ya viatu. Kwa hivyo, kila ninapomwona kijana akijikokota barabarani kwa kukanyagia upande wa wayo, siulizi ni nani aliyemroga. Nauliza ni nani aliyemwona siku aliyozaliwa, na alimwambia nini mamaye.

Aliyetuonyesha njia hii alikuwa mkimbizi. Ignacio Ponseti alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, mwana wa fundi wa saa. Alihitimu udaktari mjini Barcelona mwaka 1936, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamlaki. Aliwatibu majeruhi wa upande wa jamhuri, na upande huo uliposhindwa mwaka 1939 alivuka milima akaingia Ufaransa, akaenda Mexico, kisha mwaka 1941 akafika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Zama hizo madaktari wengi walikuwa wakiipasua miguu ya watoto hao, wakikata kano na kufungua viungo hata wayo ukae sawa. Machoni ilipendeza. Lakini Ponseti alipowachunguza waliopasuliwa miaka mingi nyuma, aliwakuta watu wazima wenye nyayo ngumu, dhaifu na zenye maumivu.

Akarudi kwenye maumbile yenyewe. Mifupa ya wayo wa mtoto mchanga sehemu kubwa ni gegedu, na kano zinazofunga viungo vyake hurefuka zikivutwa taratibu. Waliomtangulia nao walinyoosha kwa mikono na kwa plasta, ila wengi wao walibana mahali pasipofaa, wakauzuia mfupa wa kisigino usizunguke. Ponseti aliweka kidole gumba juu ya kichwa cha mfupa uitwao talasi, ulio chini ya muundi, akauegemeza wayo hapo na kuuzungusha kidogo kidogo kuelekea nje. Mifupa iliyokuwa imekwenda upande ikafuatana kurejea mahali pake.

Kazi hiyo hufaa ianze katika majuma ya kwanza ya uhai. Mtaalamu huukanda wayo kwa dakika chache, kisha huuvika plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Juma linalofuata plasta hutolewa, wayo husogezwa hatua nyingine, na plasta mpya huvikwa. Kwa kawaida plasta tano hadi saba zatosha. Aghalabu kisigino hubaki kimeinuka. Hapo kano yake hukatwa kupitia tundu dogo, kwa sindano ya ganzi ya mahali hapo tu. Hufuata plasta ya mwisho ya majuma matatu, na kano huunga upya ikiwa ndefu zaidi. Baada ya hapo mtoto huvalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kila siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hadi atimize miaka minne hivi.

Mwaka 1963 Ponseti alichapisha matokeo yake katika jarida kubwa la madaktari wa mifupa. Ulimwengu haukumjali. Upasuaji ulikuwa na hadhi, na kukanda mguu wa kitoto kulionekana kazi duni. Alivumilia. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Iowa, Cooper na Dietz, walichapisha uchunguzi wa watu 45 waliotibiwa utotoni kwa njia hiyo, ambao sasa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 34. Asilimia 78 walikuwa na hali nzuri au nzuri sana. Miongoni mwa watu waliolinganishwa nao, ambao hawakuwahi kuwa na kasoro ya wayo, kiwango hicho kilikuwa asilimia 85.

Msomaji na azitazame tena tarakimu hizo. Huo ndio utafiti ninaouheshimu: usiouliza tu wayo unaonekanaje plasta inapobanduliwa, bali unamchukuliaje mwenyewe akisimama kazini kutwa akiwa na umri wa miaka 30 na zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi walianza kupashana habari kupitia intaneti na kuwadai madaktari tiba hiyo. Ponseti alifariki mwaka 2009, akiwa na miaka 95, njia yake ikiwa imekubalika pembe zote za dunia.

Yuko atakayesema kwamba haya ni ya Wamarekani, na kwamba sisi madaktari wetu wa mifupa ni wachache. Jibu limo humu humu barani. Nchini Malawi, maafisa wa kliniki waliofunzwa kazi ya mifupa walitwikwa jukumu hilo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, ya nyayo 100, yalionyesha kwamba karibu zote zilinyooka. Majirani zetu Uganda waliieneza tiba hiyo katika hospitali za serikali na kuiingiza katika masomo ya wahudumu wa afya. Hapa Kenya, hospitali ya watoto walemavu iliyofunguliwa Kijabe mwaka 1998 imewatibu wengi, na kliniki nyingine zimeanzishwa katika kaunti mbalimbali. Ujuzi upo. Tusijifiche nyuma ya uchache wa mabingwa.

Simaanishi kwamba kisu hakina kazi tena. Zipo nyayo zilizopinda kwa sababu ya kasoro ya uti wa mgongo au maradhi mengine, zipo zilizochelewa mno, na zipo zinazorudi kupinda. Lakini hata kurudi huko kumechunguzwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulionyesha kwamba kilichotabiri zaidi kurudi kwa ulemavu hakikuwa ukali wa kasoro wakati wa kuzaliwa. Kilikuwa kuacha kuvaa vile viatu vya ufito.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mama anayeishi mbali na kliniki hupanda matatu kila juma, mtoto mgongoni, na nauli hiyo ndiyo pesa ya unga. Plasta ya mwisho ikitoka, wayo huonekana umenyooka kabisa. Nyumbani mtoto hulia usiku kwa kuchukia viatu vilivyofungamana. Mama mkwe husema anateswa bure. Baba haoni sababu ya kugharimia safari nyingine. Viatu hutupwa chini ya kitanda. Mwaka haupiti kabla wayo haujarudi ulikotoka, na familia ikaamini tiba haikufaa. Simlaumu mama huyo. Alielezwa mambo kwa haraka, katika foleni ndefu, na hakuna aliyemtembelea baadaye kumuuliza anaendeleaje.

Isitoshe, mara nyingi lawama zilikwisha kumwangukia tangu siku ya kwanza: alikula kisicholiwa, alimcheka kiwete, au mimba ilikuwa na laana. Upuuzi mtupu! Sayansi haijaeleza kila sababu, lakini imebainisha kwamba urithi unachangia, na urithi ni wa kuumeni na kukeni. Mtoto anayefichwa chumbani kwa aibu hupoteza miezi ile ile ambayo tiba ni rahisi zaidi.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mkunga na muuguzi autazame na kuugusa wayo wa kila mtoto anayezaliwa, na asithubutu kumwambia mzazi kwamba utajinyoosha wenyewe. Mzazi apewe barua ya kliniki kabla hajaondoka wodini. Pili, serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye dhamana ya hospitali hizo tangu mwaka 2013, zitenge fedha za plasta, za viatu na za nauli kwa wasio nacho. Tatu, wahudumu wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba, wafundishwe kuulizia viatu vya ufito kama wanavyoulizia chanjo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Miezi michache ya plasta na miaka minne ya subira, kwa maisha mazima ya kutembea wima, ni biashara ambayo hakuna mwenye akili angeikataa. Na msomaji, ikiwa nyumbani kwako au kwa jirani yupo mtoto mwenye wayo wa namna hiyo, usingoje serikali isome makala haya. Mpeleke juma hili.