ADABU ZA KUISHI NA WATU (3): Siti ni ya Nani?

Katika makala iliyopita tulieleza adabu za foleni. Leo tunaitazama haki ya mtu juu ya mahali pa kukaa palipo pa watu wote, kama msikitini na ndani ya daladala.

Msingi wa kwanza: mahali pa umma ni pa aliyetangulia. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kumwinua mwenzake ili akae yeye, akaagiza watu wapeane nafasi. Ibn Umar mwenyewe hakukubali kukaa pale mtu alipomwinukia.

Msingi wa pili: aliyeondoka kwa haja fupi hajapoteza haki yake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, alifafanua kwamba aliyetoka kutia udhu akirudi, pale ni pake, awe ameacha msala au hakuacha, na haki hiyo ni ya sala ile tu. Msala haumwongezei kitu. Haki aliipata alipotangulia kukaa. Ndiyo maana Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikataza kutanguliza msala safu ya mbele na mwenyewe kuja baadaye.

Tukitoka msikitini twende stendi ya daladala, Dar es Salaam. Gari halijasimama vizuri, mikoba na kanga zimeshapitishwa dirishani, na wenyewe wangali mlangoni wanasukumana. Kwa kipimo cha wanavyuoni hawa, mkoba haujatangulia popote. Siti ni ya aliyeingia akaifikia kwanza. Abiria aliyegeuza na gari, akalipa nauli mara mbili ili apate kukaa, huyo ametangulia kweli na hastahili kununiwa. Na anayemshikia mwenzake siti? Ikiwa mwenzake alikuwa amekaa, akashuka kununua maji gari likingoja abiria, amshikie. Ikiwa bado hajafika stendi, na mama mwenye mtoto mgongoni amesimama, kumzuia mama yule ni dhuluma.

Msingi wa tatu: kupisha ni ihsani. Kilichokatazwa ni kumwinua mtu. Kuinuka mwenyewe kwa ajili ya mzee, mjamzito au mgonjwa ni wema, na uzuri wake ni kufanywa kabla ya kuombwa.

Hapo ndipo tunapowakosea wanafunzi. Konda huwaamuru wasimame kwa kuwa nauli yao ni ndogo, na sisi wazima hukaa palepale walipoinuliwa bila hata kusema ahsante. Mtoto anayeinuliwa kwa amri hujifunza kwamba siti ni ya mwenye nguvu. Tukitaka awapishe wazee kwa hiari yake, kwanza tumwachie haki yake, kisha atuone sisi tukiinuka.

Wiki ijayo: adabu za barazani.