Kulala hotelini Diani: Maswali ya kuuliza kabla hujatuma pesa

Kila alfajiri matatu za Likoni kwenda Ukunda hujaa watu wanaokwenda kazini kwenye hoteli za Diani: wapishi, watandika vitanda, walinzi, watunza bustani. Wengi ni watoto wa Kwale. Lakini uliza ndani ya gari hilohilo ni nani amewahi kulala katika hoteli hizo akiwa mgeni, na mikono itakayoinuka ni ya kuhesabu. Mama yangu, aliyezaliwa na kukulia Msambweni, alipoambiwa kwamba wanawe wamechanga ili akapumzike siku mbili Diani, alicheka, kisha akauliza: "Na pale getini wakiniuliza nimemfuata nani?"

Alikwenda, na hakuulizwa. Ila safari ile ilitufunza mengi kwa gharama yetu wenyewe, na kwa kuwa majirani na wasomaji wa jarida hili wamekuwa wakiniuliza namna ya kupanga jambo kama hilo, nimeona niyaandike hapa. Iwe ni fungate, wazazi kutimiza miaka ya ndoa, au chama cha kina mama kilichoweka akiba mwaka mzima, pesa zinazotumika ni nyingi kwa familia ya kawaida. Haifai zipotee kwa sababu ya neno moja lililosomwa vibaya.

Neno lenyewe kwetu lilikuwa "kwa kila mtu". Tuliona bei mtandaoni, tukadhani ni ya chumba. Hoteli nyingi za ufukweni hazitozi kwa chumba; hutoza kwa kichwa, tena kwa hesabu ya watu wawili wanaolala chumba kimoja, kwa usiku mmoja. Chukua mfano huu, wa hesabu tu: bei iliyotangazwa ni shilingi 9,000. Mume na mke wakilala siku mbili hawatalipa 18,000 bali 36,000. Na anayelala peke yake hulipa nyongeza, kwa kuwa chumba cha wawili amekichukua mmoja. Watoto nao wana hesabu yao. Wako wanaolala bure wakiwa chumba kimoja na wazazi, wako wanaolipa nusu, na umri wa kuhesabiwa mtu mzima hutofautiana kutoka hoteli hadi hoteli. Sisi tuligundua haya siku ya kufika, tukiwa mapokezi na mikoba mikononi. Hoteli siitaji, maana nusu ya kosa ilikuwa yetu.

Jambo la pili ni bei ya mkazi. Hapa wengi hufikiri ni mkazi wa Kwale. Sivyo. Katika lugha ya hoteli, mkazi ni raia wa Kenya, au mgeni anayeishi nchini kwa kibali, na bei yake aghalabu huwa chini ya ile anayotozwa mtalii kutoka ng'ambo. Tatizo ni kwamba mitandao mikubwa ya kukodi vyumba mara nyingi humwonyesha kila mtu bei ya mtalii, tena kwa dola. Ndiyo maana nashauri uitumie mitandao hiyo kutazama picha na kusoma maoni ya waliotangulia, kisha upige simu hotelini moja kwa moja na kuuliza: bei ya mkazi ni ngapi kwa tarehe hizi, na je, kodi zote zimo? Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kuna tozo ya utalii ya asilimia 2, na baadhi ya hoteli huweka ada ya huduma. Kwa kawaida bei ya mkazi hutajwa ikiwa na yote haya ndani, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Ukifika, kila mtu mzima awe na kitambulisho chake cha taifa, kwa sababu asiye nacho anaweza kutozwa bei ya mgeni, na hapo hutakuwa na hoja.

Kisha kuna zile herufi mbili zinazofuata bei. BB ni kitanda na chakula cha asubuhi. HB ni asubuhi na jioni. FB ni milo yote mitatu. AI ni kila kitu, yaani milo, vitafunio, na vinywaji pamoja na pombe. Hii ya mwisho ndiyo inayosifiwa zaidi, na ndiyo ambayo familia nyingi za huku zinapaswa kuifikiria mara mbili. Sehemu kubwa ya ile nyongeza ni ya vileo. Kama nyumbani kwenu hakuna anayekunywa, mtakuwa mnalipia bia na mvinyo wa meza ya jirani. Kwa maoni yangu HB inatosha: mchana mnatoka kwenda Ukunda kula wali wa nazi na samaki kwa bei mliyoizoea. Uliza pia kama nyama ni halali na kama jikoni wanatenganisha vyombo. Hoteli nyingi za Diani zimezoea swali hili. Na ukienda mwezi wa Ramadhani, uliza kama kifungua kinywa ulicholipia kinaweza kugeuzwa daku. Usipouliza mapema utaamka saa kumi na kukuta mlinzi peke yake.

Bei hubadilika na majira. Vyumba hujaa na kupanda bei kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya, Pasaka, na likizo ya Agosti. Masika yakianza, baada ya Pasaka hadi karibu na mwisho wa Juni, wageni wa ng'ambo hupungua na hoteli zilezile hushusha bei ili vitanda visilale vitupu. Mtalii aliyesafiri saa nane angani anaiogopa mvua. Wewe uliyeizoea, inayonyesha alfajiri kisha jua likatoka saa tatu, una nafasi ambayo yeye hana: unaweza kutazama mawingu Jumatano ukaamua Alhamisi. Ila kuna hoteli ambazo hufunga sehemu ya majengo wakati huo kwa ukarabati, basi uliza kama bwawa la kuogelea na mkahawa vinafanya kazi na kama kuna mafundi wanaogonga nyundo karibu na chumba chako.

Kuhusu nyota: hoteli haijipi. Nyota hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, kwa vigezo vinavyotumika pamoja katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuanzia moja hadi tano. Wakaguzi hutazama ukubwa wa chumba, usalama, jikoni, huduma na mengineyo. Hawaangalii kama dirisha lako litatazama bahari au ukuta wa jenereta. Chumba "cha bustani" na chumba "cha bahari" ni bei mbili tofauti ndani ya hoteli moja, na kwa mtu aliyekulia pwani, bahari ikiwa hatua mia moja tu, sioni sababu ya kulipia dirisha.

Sasa malipo, na hapa naomba msomaji atulie. Matapeli hufungua kurasa zenye jina la hoteli halisi, au la nyumba ya kifahari isiyokuwepo, wakaweka picha walizoiba na bei ya kushangaza, kisha wakasema chumba kimebaki kimoja na utume nusu ya pesa saa hii. Mtu wa karibu nami alifika Diani na mkewe na watoto watatu, akaelekezwa kwenye kiwanja chenye mnazi na mbuzi wawili.

Usitume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Hoteli ina namba ya biashara ya M-Pesa au akaunti ya benki kwa jina lake, na kabla muamala haujakamilika simu itakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Likiwa si la hoteli wala la kampuni ambayo hoteli imekutajia, acha. Namba ya mapokezi itafute mwenyewe mahali pengine, usiichukue kwenye ukurasa uleule unaoutilia shaka, kisha piga uulize kama jina lako limo katika orodha yao. Omba uthibitisho wa maandishi unaotaja tarehe, idadi ya watu, aina ya chumba, herufi za mlo, kiasi ulicholipa na kinachobaki, na masharti ya kughairi. Hayo masharti ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: bei nyingi za punguzo hazirudishwi hata ukifiwa. Ukituma pesa kwa makosa kupitia M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja kabla hazijatolewa. Namba ya tapeli ipeleke kwa 333, halafu uandikishe taarifa kituo cha polisi. Kadiri unavyochelewa kwa aibu ndivyo matumaini ya kuzipata yanavyopungua.

Wasomaji hutuuliza pia kwa nini kaunti haipangi bei za hoteli. Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti utalii wa ndani, leseni za biashara na mambo ya afya ya umma. Bei ya chumba ni ya mwenye hoteli. Ukihisi umedanganywa kuhusu ulichouziwa, anza na meneja, kwa maandishi. Asipokusikiliza, nenda kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii au Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea malalamishi ya wateja. Ule uthibitisho wa maandishi ndio shahidi wako.

Kufika si kazi. Wa Lunga Lunga, Vanga na Msambweni wanashuka Ukunda na kuchukua tuktuk hadi hotelini. Wa Kinango wanapitia Kwale mjini. Jamaa wanaotoka bara kwa gari lao siku hizi wanaweza kupita Dongo Kundu bila kuona kivuko cha Likoni kabisa. Getini, mwonyeshe mlinzi ule uthibitisho kwenye simu. Atapiga mapokezi na lango litafunguka, hata kama umekuja kwa bodaboda. Vyumba aghalabu hutolewa saa nane mchana na kurudishwa saa nne asubuhi, kwa hiyo ukifika saa tatu utasubiri. Mabwawa mengi hayaruhusu kuingia na fulana wala leso. Wanawake wanaoogelea wakiwa wamejisitiri waulize mapema kama vazi lao la kuogelea linakubaliwa. Na mlango wa roshani ufungwe kila unapotoka: tumbili wa Diani wanajua kusukuma vioo, na ndizi uliyomrushia leo ndiyo itakayomfanya ampore mtoto wa mgeni wa kesho. Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, hawana tabia hizo. Utawaona juu ya barabara wakivuka kwa ngazi za kamba zilizofungwa ili wasigongwe na magari.

Tazama mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Hili nalisema kwa sababu watu hulipia ufuo kisha wakakuta maji yamekwenda. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Kwa kuogelea asubuhi, chagua siku za maji mafu. Kwa kutembea na watoto hadi karibu na mwamba kutazama samaki vidimbwini, bamvua ndiyo hasa, mradi mrudi maji yanapogeuka. Wala kwa hilo huhitaji chumba: Katiba, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Viti na miavuli ni vya hoteli. Mchanga ule maji yanapofika ni wetu sote. Asiyeweza kulala anaweza pia kuuliza malipo ya kushinda mchana tu. Baadhi ya hoteli huruhusu, na mara nyingine pesa hizo hukatwa kwenye chakula.

Na mkishachoka na bwawa, tokeni. Mahali palipo mto Mwachema na bahari, kati ya Tiwi na Diani, upo msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe katikati ya mibuyu, mkongwe kuliko hoteli zote na ungali unaswaliwa. Fika ukiwa umevaa kwa heshima na uombe ruhusa kwa wenyeji kabla ya kupiga picha. Kusini mwa ufuo kuna Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Utafungwa kaniki kiunoni, utavua kofia, na mwenyeji atakutembeza. Usichukue hata jani. Mama yangu, aliyeogopa kuulizwa getini amemfuata nani, ndiye aliyekuwa akimsahihisha kijana wa kutembeza watalii kuhusu mti upi hutibu nini, na tulichelewa chakula cha jioni ambacho tulikuwa tumekwisha kukilipia.