MTOTO AKISHINDWA DARASANI, TAFUTA SABABU

Huenda unaye mtoto anayeshika mkia darasani kila mwaka. Watu humwita mjinga. Wengine humchapa. Je, umetafuta sababu?

Mwaka 2001 Serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule za msingi. Watoto wengi waliandikishwa. Lakini kukaa darasani peke yake siyo kujifunza. Mtoto hujifunza vizuri akiwa anaona, anasikia, ameshiba na ana afya.

Kwanza, chunguza macho. Mtoto asiyeona mbali hawezi kusoma ubaoni. Mwenyewe hatasema, maana hudhani watu wote huona kama yeye. Tazama kama hukunja uso akitazama mbali.

Pili, chunguza masikio. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ya kawaida. Ikiwa mara nyingi hageuki, huenda hasikii vizuri. Sikio linalotoa usaha linaweza kuziba kabisa. Usitie mafuta wala maji ya majani. Mpeleke zahanati.

Tatu, kumbuka minyoo na kichocho. Minyoo ya safura hunyonya damu, na mtoto hulegea. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi, mtoto akioga au kucheza katika maji yenye vijidudu vyake. Mtoto akikojoa damu, usingoje. Dawa ipo. Na siku dawa za minyoo zinapotolewa shuleni, usimfiche mtoto.

Nne, angalia njaa na kazi. Mtoto aliyechota maji alfajiri, akatembea mwendo mrefu bila uji, atasinzia darasani. Mpe uji kabla hajatoka. Gawa kazi za nyumbani kwa wavulana na wasichana sawasawa. Katika mkutano wa kijiji, kubalianeni kuchanga mahindi na maharagwe ili watoto wale mchana shuleni.

Kisha nenda ukaonane na mwalimu. Mweleze uliyoyaona. Mwombe amketishe mtoto mbele. Wapo pia watoto wasio na ugonjwa wowote, ila huelewa polepole. Hao wanahitaji kurudia somo, siyo fimbo.

Mtoto akiitwa mjinga kila siku, mwisho huamini, akaacha shule. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua jinsi herufi zinavyosumbua mwanzoni. Hukuchapwa, ulisaidiwa, na leo unasoma gazeti. Jioni hii keti na mwanao, msome ukurasa huu pamoja.