Molly Malone: Mchuuzi wa Dublin Aliyezuliwa Mengi

Wapo watu ambao hatujui kama walipata kuzaliwa, na bado wanaonyeshwa siku waliyokufa. Mmoja wao ni Molly Malone wa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, ambaye wimbo wake huimbwa harusini, vilabuni na hata viwanjani timu za mji zinapocheza.

Kisa chenyewe ni chepesi. Binti mzuri wa sura, mtoto wa wachuuzi wa samaki, anasukuma mkokoteni wake vichochoroni akinadi kome wabichi. Homa inamshika, anakufa, na mzimu wake unaendelea kuusukuma mkokoteni ule ule. Basi, wimbo hausemi zaidi ya hayo.

Waliozidisha ni watu. Mwaka 1988 Dublin ilipokuwa ikiadhimisha miaka 1,000 ya mji, ilisimamishwa sanamu ya Molly katika barabara ya Grafton, kazi ya mchongaji Jeanne Rynhart. Ukatolewa na ushahidi: kitabu cha kanisa kinamtaja Mary Malone aliyefariki tarehe 13 Juni 1699. Molly ni jina la kudekeza la Mary, kwa hiyo ikaamuliwa kwamba ndiye huyo, na 13 Juni ikatangazwa kuwa siku yake.

Msomaji mpenzi, pima mwenyewe. Mary ni jina la kila nyumba huko, na Malone ni ukoo mkubwa. Kumtafuta Mary Malone katika vitabu vya Dublin ni sawa na kumtafuta Fatuma binti Ali katika Mombasa: utampata, tena wengi, lakini ni yupi? Mtafiti wa nasaba Sean Murphy alikuwa miongoni mwa walioyapinga madai hayo waziwazi, na mimi naona hoja yake haina jibu.

Wimbo wenyewe nao unamsaidia. Haukuonekana katika karne ya 17 wala ya 18. Ulichapishwa London mwaka 1884, na jina lililowekwa kuwa la mtungaji ni James Yorkston wa Edinburgh, Uskochi. Marekani nako ulikuwa umekwisha pigwa chapa kabla ya hapo kidogo. Mwaka 2010 kiligunduliwa kitabu kilichochapishwa Doncaster, Uingereza, yapata mwaka 1790, chenye Molly Malone wa Howth, karibu na Dublin. Wengi walishangilia, lakini huo ni wimbo mwingine kabisa, wa mapenzi, usio na mkokoteni wala kome.

Haya yote yangekuwa mzaha wa kufurahisha wageni lau yangeishia hapo. Kinachonikera ni uvumi ulioungwa juu yake, kwamba mchana Molly aliuza kome na usiku akauza mwili. Hakuna neno la wimbo lisemalo hivyo, wala hati yoyote. Na kwa kuwa jina lake limekwisha bandikwa juu ya marehemu wa mwaka 1699, mwanamke aliyeishi kweli, mwenye wazazi na pengine watoto, amevishwa kashfa asiyoweza kuikana. Sisi tuliolelewa tukijua uzito wa kumzulia mwanamke mambo ya zinaa hatuhitaji kufafanuliwa.

Sanamu ilivishwa gauni lenye kifua wazi, ikielezwa kuwa ndiyo mitindo ya enzi zile. Mwaka 2014 ilihamishiwa barabara ya Suffolk kwa sababu ya ujenzi wa reli ya mjini. Watalii huipapasa kifua eti wapate bahati, mazoea ambayo si ya kale hata kidogo, hata shaba imechujuka rangi na kung'aa. Mwezi wa Mei 2025 halmashauri ya jiji ililazimika kuweka wasimamizi kando yake, wawaombe watu waondoe mikono.