Telefone imekuwa soko ya msanii

Katika miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa anazunguka mwenyewe kuuzisha tablo zake. Wafanyakazi wa Katanga walizitundika saloni. Leo msanii wa Kalemie anapiga tablo foto, anaituma kwa WhatsApp ao Facebook, na mchimbaji kule Manono anaiona palepale.

Lakini zamani watu walionana uso kwa uso. Sasa msanii anaogopa kutuma kazi bila feza, na mununuzi anaogopa feza yake isipotee. Mupatane hivi: mununuzi aombe video ya kazi yenyewe, alipe nusu kwa M-Pesa ao Airtel Money, nusu ingine kazi ikifika. Na muchunge ujumbe wote mulioandikiana: ile njo ushahidi wenu.