Chai au Kahawa? Ndiyo

Mwulize mgeni, "Utakunywa chai au kahawa?" Akijibu "Ndiyo" utacheka, ingawa kimantiki hajakosea. Lugha za programu za tovuti zina wageni wa namna zote mbili, anayechagua na anayejibu tu ndiyo, na wote huulizwa kwa alama ileile, ||, yenye maana ya "au". JavaScript, lugha ya ndani ya kivinjari, hujibu "chai": hukurudishia thamani ya kwanza inayohesabika kuwa kweli, na zote zikishindwa, ile ya mwisho. PHP, ambayo kwa kawaida huendeshwa kwenye seva, hujibu ndiyo au hapana, basi.

Chukua duka la mtandaoni. Mstari `nauli || 3000` umekusudiwa kusema: nauli isipowekwa, toza shilingi 3,000. Sasa mteja kaahidiwa kupelekewa mzigo bure, nauli ikaandikwa 0. Kwa JavaScript sifuri ni sawa na "si kweli", hivyo huiruka na mteja hutozwa 3,000. Hamishia mstari huo PHP, uongeze tu alama ya dola mbele ya jina, nao utatoa "kweli". Na "kweli" ikijumlishwa na bei huwa 1. Mteja atadaiwa shilingi moja isiyo na asili, na mhasibu aitafute mpaka usiku. Ruby, lugha nyingine ya programu, ndiyo itakayobaki na 0, maana kwake nil (yaani hakuna thamani) na false pekee ndizo zisizo kweli. Kote huko hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Ndiyo maana naona hatari iko zaidi kwenye kufanana kwa lugha hizi kuliko kwenye ugumu wake: jambo geni humfanya mtu afungue kitabu, lililozoeleka humpitisha mbio.

Watakaopinga watasema dawa ipo, alama ya ??, inayouliza tu kama thamani ipo au haipo. Ni kweli, na sifuri huheshimiwa nayo. Lakini PHP iliipata 2015 na JavaScript 2020, ilhali lugha zote mbili zilitoka 1995. Msimbo wa miaka yote hiyo bado unafanya kazi, na kubadili maana ya || leo kungevunja tovuti zisizohesabika. Isitoshe, PHP ina pia neno `or`, ambalo msomaji angelidhani ni || iliyoandikwa kwa herufi. Andika `$x = false or true`, na $x itabaki false, kwa kuwa alama ya = hutangulia kufanya kazi yake kabla `or` haijafikiwa.